Trekta Halitaki Kuwaka, au Linawaka Lakini Halichaji: Tafuta Kosa Kabla ya Kununua Kifaa

Mvua za kwanza za Machi zikianguka Masindi na Kiryandongo, Uganda, kila mwenye shamba anataka kulimiwa wiki hiyohiyo. Ndipo trekta lililolala tangu mavuno linapogoma. Dereva anageuza ufunguo, anasikia "tik" moja, basi. Kinachofuata kinajulikana: mtu anapanda boda mpaka mjini, anarudi na betri mpya, trekta linawaka siku chache, kisha linagoma tena. Analaumiwa muuza betri. Halafu stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, inafunguliwa na kupelekwa Kampala, soko la vipuri la Kisekka, inarudi na "kaboni" mpya (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), na trekta bado linasema "tik".

Betri na stata ni vifaa vya bei kali katika mfumo huu, na ndivyo vinavyonunuliwa kwanza. Kosa lenyewe mara nyingi limekaa kwenye kitu cha bei ndogo: klempu iliyooza, waya wa ethi (unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha trekta) uliofungwa juu ya rangi, mkanda uliolegea, balbu ndogo ya dashibodi iliyoungua. Kwa hiyo pima kwanza. Tena upime wakati umeme unafanya kazi, maana waya mbovu ukiwa umepumzika huonekana mzima kabisa.

Maelezo haya ni ya matrekta ya volti 12 yenye pampu ya dizeli ya kawaida: Massey Ferguson za aina ya 135, 240, 375 na 385, pamoja na New Holland, Sonalika na Mahindra zinazolima hapa kwetu. Trekta la kisasa lenye kompyuta lina mambo yake, lakini hata hilo lianze na betri na nyaya kama mengine.

Vifaa vya kuwa navyo

Multimeta ya digitali ya bei ya chini inatosha. Ongeza brashi ya waya, msasa, spana za kufungulia klempu, na haidromita (kipima uzito wa asidi) kama betri yako ina vifuniko vya kuongezea maji.

Kifaa cha mwisho utajitengenezea: balbu ya indiketa ya wati 21, uifunge nyaya mbili zenye vibanio. Usiidharau. Multimeta haivuti umeme, kwa hiyo waya ulioliwa na kutu ndani ya mpira wake utakuonyesha volti 12 safi, na utaapa kwamba ni mzima. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75. Ukiifunga kati ya waya huohuo na bodi, waya mbovu utaiwasha hafifu au hautaiwasha kabisa. Mafundi wengi wazuri wa vijijini wanatumia balbu peke yake, na mimi nawaelewa, ila balbu haiwezi kukutofautishia 12.2 na 12.6. Ndiyo maana unahitaji vyote viwili.

Kabla hujagusa chochote

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya tairi kubwa. Vua pete na saa ya chuma, kwa sababu spana au pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inageuka nyekundu mara moja. Usivute sigara karibu na betri: inapochaji hutoa haidrojeni, na gesi hiyo hulipuka. Ukifungua betri anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Na lile la kuunganisha stata kwa bisibisi ukiwa umesimama kando ya tairi, achana nalo. Ukifanya hivyo unapita swichi zote za usalama. Kama gia imeingia bila wewe kujua, injini inawaka, trekta linaondoka, na tairi la nyuma liko hapohapo uliposimama. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, wakiwemo mafundi wazoefu.

Hatua ya kwanza: sikiliza, kisha tazama taa

Washa taa kubwa za mbele. Mwambie mwenzako apige stata, wewe utazame taa na kusikiliza.

Taa zikizimika kabisa au kubaki kama moto wa kiberiti, na stata ikilia "tik-tik-tik" haraka haraka, umeme hautoshi: betri imeisha au kuna klempu mbaya. Taa zikibaki na mwanga wake wote na hakuna sauti yoyote, amri ya ufunguo haifiki kwenye solenoidi ya stata, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme mkubwa kwenye mota. Zikibaki na mwanga wote na ukasikia "tak" moja nzito, solenoidi imefanya kazi lakini umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota. Zikififia sana, "tak" moja, kisha kimya, basi stata inavuta umeme mwingi lakini imekwama, au injini yenyewe imekwama. Jaribu kuzungusha injini kwa mkono kupitia puli kabla hujailaumu stata.

Kuna mawili mengine. Stata ikizunguka kwa kasi na kulia kama king'ora huku injini imetulia, gia yake ndogo haishiki meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini). Na injini ikizunguka vizuri, kwa kasi, bila kuwaka, umeme wa stata hauna kosa. Nenda kwenye dizeli. Tazama kama kivuta cha kuzimia (kile unachovuta kukata dizeli ili injini izime) kimerudi ndani, kama kuna hewa kwenye filta, kama tangi lina kitu. Kwenye matrekta yanayozimwa kwa ufunguo, sikiliza kama vali ya umeme kwenye pampu inalia "klik" unapowasha swichi. Isipolia, pima waya wake kwa ile balbu.

Betri

Iache ipumzike saa chache tangu ilipochajiwa, au washa taa dakika mbili kisha uzime, ndipo upime kwenye vichwa vyenyewe vya risasi. Volti 12.6 au zaidi: imejaa. 12.4: imebaki robo tatu. 12.2: nusu. 12.0: robo. Chini ya 11.9 hesabu kwamba imeisha. Ukikuta karibu 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba hutoa karibu volti 2.1. Hiyo ndiyo betri ya kubadilisha.

Haidromita inaeleza zaidi. Chumba kilichojaa kinasoma karibu 1.265 mpaka 1.280, nusu ni karibu 1.190. Soma vyumba vyote sita. Vyote vikiwa chini kwa usawa, betri inahitaji chaji tu. Kimoja kikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, hicho ni kibovu, na chaji haitakiponya.

Sasa jaribio lenyewe. Vuta kivuta cha kuzimia ili injini isiwake, weka multimeta kwenye vichwa vya betri, piga stata sekunde 10. Volti isishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imepumzika kisha ikaanguka hadi 7 imechoka, hata kama dukani walikuambia ni mpya. Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe dakika moja au mbili, vinginevyo waipika.

Kuhusu kuchajisha mjini: betri ya N100, yaani ya ampea-saa 100, ikiwa imeisha kabisa, inahitaji zaidi ya saa 10 kwa ampea 10. Wakikuambia uirudie baada ya saa mbili, wamekupa chaji ya juu juu. Ukiwa na sola nyumbani, paneli ya wati 100 hutoa ampea 5 au 6 jua likiwa kali, kwa hiyo jipe kama siku nne, tena kupitia kidhibiti chaji, kamwe si waya moja kwa moja kutoka kwenye paneli. Maji ya kuongeza yawe maji safi ya betri. Ya kisima yana madini yanayoua sahani. Wala usiongeze asidi kwenye betri inayotumika. Kilichopungua kwa joto ni maji peke yake.

Nyaya kubwa: hapa ndipo kosa hujificha

Stata ya injini ya silinda tatu au nne inaweza kuvuta ampea 200 mpaka 400. Kwa mkondo huo, kutu nyembamba kama karatasi inatosha kuinyima nguvu. Wala huioni kwa macho; klempu inaweza kung'aa nje huku ndani imejaa unga.

Njia ya kupima ni kutafuta volti zinazopotea njiani. Betri iwe na chaji. Vuta kivuta cha kuzimia, kisha:

1. Weka ncha nyekundu ya multimeta kwenye kichwa cha chanya cha betri, kwenye risasi yenyewe, usiguse klempu. Ncha nyeusi iweke kwenye boliti kubwa ya stata inapoingia waya wa betri. Mwenzako apige stata. Usomaji usizidi volti 0.5, waya mzuri huonyesha 0.2 au 0.3.

2. Weka nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye chuma cha stata yenyewe, penye chuma kitupu. Piga stata. Isizidi 0.3.

3. Ukipata zaidi, sogeza ncha moja hatua kwa hatua: kutoka kichwa hadi klempu, klempu hadi waya, waya hadi boliti. Pale namba inaporuka, hapo ndipo pabovu.

Ukisoma volti 2 kwenye upande wa ethi, umepata kosa bila kununua chochote. Fungua, sugua kwa brashi na msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, paka grisi juu baada ya kufunga. Waya wa ethi ushike kwenye injini au gia boksi, penye chuma kitupu, usishike kwenye bodi iliyopakwa rangi juzi kwa fundi wa kuchomelea. Rangi mpya imeshasababisha stata nyingi kufunguliwa bure.

Tazama pia unene. Waya wa stata unapaswa kuwa na kama milimita 50 au 70 za mraba. Nimeona matrekta yamefungwa waya wa nyumba uliosokotwa mara mbili. Dalili yake ni waya kuwa wa moto baada ya kupiga stata mara mbili tatu. Mkono wako ni kipimo: palipo na joto kuliko kwingine pana upinzani.

Ufunguo, klachi na gia

Kama hakuna sauti kabisa, fuata waya mdogo unaoingia kwenye solenoidi. Uchomoe, ufunge ile balbu kati yake na bodi, mwenzako ageuze ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha. Ikiwaka kwa mwanga kamili, amri inafika na solenoidi ndiyo inayotuhumiwa. Isipowaka, rudi nyuma.

Matrekta mengi hayapigi stata mpaka sharti fulani litimie. Kwenye Massey za zamani, lever ya high na low lazima iwe katikati; nyingine zinataka klachi ikanyagwe mpaka mwisho, na baadhi zinataka pia PTO (shafti inayozungusha zana) iwe imezimwa. Swichi hizo ndogo ziko chini, penye tope na vumbi la murramu. Chezesha lever huku ufunguo umegeuzwa. Stata ikishtuka, umeshaipata. Pima kwa balbu kabla ya swichi na baada yake. Ukikuta mtu alishaiunganisha moja kwa moja ili "kurahisisha", nunua swichi mpya uirudishe. Ni ya bei ndogo, nayo ndiyo inayomkinga mtoto anayechezea ufunguo nyumbani.

Swichi ya ufunguo nayo huchoka. Ukiona trekta linawaka tu ukiutikisa ufunguo, usitafute mbali.

Stata yenyewe

Ifungue tu baada ya haya yote kupita. Volti inabaki juu ya 12 kwenye boliti kubwa, amri inafika, "tak" inasikika, mota haizunguki: ndani ya solenoidi kuna sahani ya shaba iliyoungua, au kaboni zimekwisha. Gonga chuma cha stata taratibu kwa mpini wa nyundo huku mwenzako anapiga. Ikizunguka, ni kaboni. Lima siku hiyo, lakini usizime injini mbali na nyumbani.

Ikiwa inalia bila kushika meno, zima kila kitu, toa ufunguo, weka gia na usukume trekta kidogo ili flaiwili igeuke. Ikishika baada ya hapo, kuna meno yaliyolika mahali pamoja, na kazi hiyo ni ya kupasua trekta, yaani kutenganisha injini na gia boksi. Isiposhika popote, gia ndogo ya stata ndiyo mbovu.

Unapoichukua kwa fundi, usiondoke mpaka ameifunga kwenye jiliwa na kuizungusha kwa betri mbele yako.

Sasa chaji

Trekta linalowaka vizuri asubuhi na kugoma jioni baada ya kulima siku nzima mara nyingi halina shida ya stata. Halichaji.

Anza na mkanda unaozungusha alteneta, mashine inayozalisha umeme wa kuchaji. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ushuke kama milimita 10 mpaka 13. Ukiwa unang'aa kama kioo upande wa ndani, unateleza hata ukiukaza. Kisha pima betri injini ikiwa imezimwa, andika namba. Washa, ongeza mafuta mpaka mizunguko kama 1,500 kwa dakika, pima tena. Inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa zote: isishuke chini ya 13.2. Ikibaki palepale pa mwanzo au ikashuka, alteneta haitoi kitu. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) imekufa na inaipika betri. Utajua kwa harufu ya yai bovu na maji yanayokwisha kila wiki.

Usijaribu alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikizunguka. Mchezo huo wa zamani ulikuwa wa dainamo. Kwenye alteneta, volti inaruka juu ghafla na kuua daiodi, yaani vipande ndani yake vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu.

Ikiwa haichaji, zima injini na upime boliti kubwa ya alteneta: lazima iwe na volti za betri wakati wote. Pasipo na kitu, waya umekatika au fyuzi kubwa imeungua. Injini ikiwaka, ukikuta 14.2 kwenye alteneta na 13.1 kwenye betri, alteneta ni nzima. Safisha njia kati yake na betri.

Sasa taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Wengi wanaiona kama ya kuonya tu. Kwenye alteneta nyingi za matrekta, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikiungua, trekta linaweza kulima msimu mzima bila kuchaji na bila taa yoyote kukuonya. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa iwake. Isipowaka, chomoa waya mdogo wa alteneta na uugusishe kwenye bodi. Taa ikiwaka sasa, balbu na waya ni vizima, kosa liko kwenye kaboni au regyuleta ya alteneta. Isipowaka bado, ni balbu au waya. Badilisha balbu kwanza, ya kawaida yenye wati ileile. Ukiweka ya LED, mkondo unaopita ni mdogo mno na alteneta inaweza isiamke.

Taa inayobaki hafifu injini ikizunguka kwa kasi mara nyingi ni daiodi moja iliyokufa.

Betri inayoisha ikiwa imelala

Chaji ni nzuri, betri ni nzuri, lakini baada ya siku mbili bila kazi trekta halina umeme. Kuna kinachonyonya. Zima kila kitu, fungua hasi, weka ile balbu kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Ikiwaka, chomoa fyuzi moja moja mpaka izimike. Ikizimika ulipochomoa waya mkubwa wa alteneta, daiodi zinavuja. Utakuta hata mwili wa alteneta una uvuguvugu asubuhi. Isipowaka, weka multimeta upande wa ampea na usipige stata ikiwa pale. Trekta la zamani lisilo na redio halina sababu ya kuvuta hata miliampea 50. Redio na chaja ya simu zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri ndizo wezi wa kawaida.

Kuazima umeme porini

Gari la kukuazima lazima liwe la volti 12. Fuso na malori mengi makubwa yana volti 24, yaani betri mbili mfululizo, na dereva mwenye haraka hakuambii. Hesabu betri zake kwanza, kisha upime. Funga chanya kwa chanya, halafu hasi ya gari, na ncha ya mwisho uifunge kwenye chuma cha injini ya trekta mbali na betri. Subiri dakika tano ndipo upige stata.

Kulivuta trekta kwa kamba kunawezekana kwa injini zenye kivuta cha kuzimia, kwa gia ya juu na mnyororo mrefu. Lile lenye vali ya umeme kwenye pampu halitawaka kama betri imekufa kabisa, hata ulivute mpaka Gulu.